Mkeka wa Namba Arobaini na Saba

Kama Bi Mwaja angejua balaa linalokuja, angemmwagia yule Mdachi maji ya kahawa siku ile ile ya kwanza, tena yakiwa yanatokota. Lakini angejuaje? Mtu kaja kwa adabu zake, kofia mkononi, kakaa juu ya sanduku kando ya banda la kuchemshia, katoa karatasi na kalamu ya risasi, kaanza kuchora. Siku hiyo Bi Mwaja alikuwa na vyungu vitatu motoni, moshi unamtoa machozi, na wapagazi wa msafara wa Bukoba wamesimama uani wanadai kahawa yao. Hakuwa na nafasi ya kumfukuza mtu. Alisema moyoni, mwache achore, atachoka mwenyewe ataondoka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili, kama ni kosa, lilikuwa kaniki. Kahawa ya Kaisho, huku Karagwe, haipondwi ikanywewa kama ile ya Waarabu. Huchumwa, huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, huanikwa juani, kisha hufungwa kwenye majani makavu ya mgomba, na watu huitafuna njiani. Ni kazi ya masizi na madoa yasiyotoka. Sasa mwanamke mwenye akili zake atavaa leso mpya akoroge vyungu? Bi Mwaja alikuwa na kaniki yake ya kazi, nyeusi tii, imefuliwa mpaka imekwisha. Akimaliza kazi huoga, hujifunga leso, hujitanda nyingine kichwani, na kuingia dukani kwake kukaa nyuma ya majora ya merikani na mizani ya chumvi. Kaisho nzima ilimjua hivyo. Wanyambo, wenyeji wa huku, hawakujali mtu kavaa kaniki, leso au nguo ya gome la mti, ilimradi kavaa. Mtu wa pwani ndiye anayejali. Yeye hutazama nguo kwanza, halafu ndipo amtazame aliyeivaa.

Na mkalimani wa yule Mdachi alikuwa mtu wa pwani hasa, karani Hatibu, mzaliwa wa Pangani, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi na tarbushi nyekundu. Alisomeshwa shule ya serikali tangu mdogo na aliandika herufi za Kizungu mbio kuliko Mzungu mwenyewe. Bwana wake watu walimpa jina la Bwana Karatasi. Mwaka huo wa 1909 alikuwa ametumwa na nyumba kubwa ya vitabu ya nchi yao huko Ulaya akusanye picha za watu wa huku, za nyumba zao, mifugo yao na kazi zao. Nyingine zitawekwa makabatini, nyingine zitatundikwa ukutani, na Wadachi watapita wakizitazama vizazi na vizazi. Nyumba ya vitabu itafanyia nini sura ya mwanamke anayekoroga chungu? Bi Mwaja aliuliza hivyo siku hiyo, akajibiwa na karani kwamba hayo ni mambo makubwa, hatayaelewa.

Wakaondoka wakaenda vijiji vya Kamuli na Rugera, wakachora huko, na baada ya wiki mbili wakarudi Kaisho kufunga masanduku. Kabla ya kufunga, Bwana Karatasi akatengenezesha banda la matete, akazitundika picha zake zote kwenye kamba, ati wenyeji nao wajionee. Chini ya kila picha alibandika kipande cha karatasi chenye namba na maneno ya Kidachi. Watu wakajaa. Wengine walicheka, wengine walikataa kujitazama, na Mzee Kabyemera alipandisha hasira.

Mzee huyu alikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko wake zake wote wawili, ng'ombe mwekundu aitwaye Bihogo. Mdachi alikuwa amemchora. Kabyemera akaitazama picha, akaigeuzia kichwa huku na huku, akasema, "Huyu simjui. Pembe ya kushoto ya Bihogo inaanza kuinama hapa, si hapo. Huyu ni ng'ombe wa mtu mwingine." Akakaa chini mlangoni mwa banda, fimbo magotini, akagoma kuondoka. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mwishowe Mdachi alitoa kifutio, akafuta pembe, akachora upya, na karani akaandika chini jina la ng'ombe kwa ukamilifu. Ndipo mzee akainuka.

Mchana huo Bi Mwaja alifika bandani, amependeza, kavaa leso zake za miraba na makubadhi. Alifuatana na Asia, mke wa mshona kofia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Karani Hatibu alipomwona akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

Karani alikuwa akiwasomea watu maandishi kwa fimbo, kama mwalimu. Akagonga picha moja. "Namba arobaini na sita: Bihogo, ng'ombe wa Kabyemera, Kaisho." Watu wakapiga vigelegele, Kabyemera akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akagonga inayofuata. "Namba arobaini na saba: mjakazi akichemsha kahawa, Karagwe."

Watu wakaitazama picha, kisha wakamtazama Bi Mwaja. Wallahi yule Mdachi alijua kuchora. Pua ni yake, mdomo ni wake, hata kovu la kwenye nyusi lilikuwepo. Alikuwa ameketi mkekani kando ya vyungu, kaniki yake imefungwa kifuani, na chini yake limeandikwa neno lile la mtumwa mwanamke. Asia akaziba mdomo kwa ncha ya leso.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Kaisho haikulijua. Bi Mwaja aliwahi kuwa mtumwa. Alizaliwa mtumwa Tabora, katika nyumba ya mtu aitwaye Sefu bin Amrani, na alijikomboa mwenyewe kwa kuchuuza kahawa miaka sita. Akachukua hati yake yenye muhuri wa serikali, akaja mbali kadiri miguu ilivyoweza kumfikisha, akafungua duka. Watu wa Kaisho walimwona ana leso, anasali, anajua kusoma barua, wakasema huyu ni mwungwana wa pwani, mtu aliyezaliwa huru. Yeye hakusema ndiyo wala siyo. Kwa miaka tisa aliwaacha waseme. Leo neno alilolikimbia Tabora limemfuata mpaka Kaisho, limeandikwa, na linasafirishwa Ulaya likakae ukutani milele.

"Karani," akaita, "nani kakwambia mimi mjakazi?"

Hatibu akatazama picha, akamtazama yeye, na ile shikamoo ya punde ikaonekana inamkaa kooni. "Kumbe ni wewe," akasema. Hakumwita mama tena. "Aliniuliza Bwana, huyu ni nani? Nikaona kaniki. Mwungwana hakai hadharani na kaniki."

"Anachemshia kahawa nini, joho?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka.

"Ifute hiyo," akasema Bi Mwaja.

"Haifutiki. Ni wino."

"Bandika karatasi nyingine juu."

"Imekwisha ingia katika kitabu cha orodha ya Bwana. Na nakala ya kitabu imekwenda Bukoba."

"Ng'ombe kafutiwa pembe hapa hapa leo! Nzima nzima! Mimi nashindwa kufutiwa neno moja?"

"Pembe ilikuwa ya risasi, Bibi. Neno ni la wino," akasema Hatibu, kwa upole ule unaomfanya mtu atamani kutupa kitu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na kaniki hata uifue vipi, haiwi nyeupe."

Bi Mwaja akageuka akaenda zake. Huko njiani Asia alijaribu kumtuliza. Akasema karani yule ni wa kumpuuza, anajiona tu. Juzi yeye Asia alimpelekea barua ya kaka yake kutoka Tabora, barua ya herufi za Kiarabu kama barua zote, akamwomba amsomee, na karani akaishika, akaigeuza, akasema macho yanamuuma. "Ndiyo maana nikakuletea wewe," akasema Asia. Siku hiyo Bi Mwaja hakuwa na sikio la barua za watu.

Kesho yake asubuhi alijipamba kuliko siku ya Idi. Akavaa kanzu ya ndani, leso mpya kutoka jora lisilofunguliwa, wanja machoni. Akatoa hati yake kwenye kopo la bati alimoificha miaka tisa, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Karatasi aliyekuwa akipanga picha mezani. Hakutaka mkalimani, lakini karani alikuja na kusimama pale pale. Watu nao hawakukosekana, maana Kaisho ikisikia ugomvi haichumi kahawa. Kabyemera alikuwepo, amekuja kuhakikisha Bihogo hakunjwi.

"Bwana," akasema Bi Mwaja, "karani wako kaandika uongo. Mimi si mtumwa. Shahidi yangu huyu hapa, mwenye muhuri wenu wenyewe."

Mdachi alijua Kiswahili cha kutosha kununulia kuku na kuulizia njia. Akaichukua hati, akaisoma, akatikisa kichwa taratibu. "Hii nasema: Mwaja, mtumwa wa Sefu bin Amrani, sasa huru."

"Huru! Umesikia, karani?"

"Lakini nasema mtumwa," akasema Mdachi. "Zamani wewe mtumwa. Basi Hatibu hakusema uongo sana."

Lo! Mtu unakwenda na hati ya kukutoa jelani, wanaisoma wanasema kumbe kweli ulifungwa. Bi Mwaja aliinyakua karatasi yake. Hapo ndipo akatambua kwamba Kaisho yote iliyosimama nyuma yake imesikia, na kwamba aliyeifichua siri yake ya miaka tisa ni yeye mwenyewe, mchana kweupe, kwa mkono wake. Hakuna wa kumlaumu. Alitamani ardhi ipasuke, na kabla haijapasuka immeze karani kwanza.

"Andika basi mwenye duka," akasema. "Mimi nina duka. Hawa wote wananunua kwangu."

Bwana Karatasi akafungua kitabu, akamwonyesha orodha kwa kidole. Nyumba ya vitabu ilikuwa imempa orodha ya watu wanaotakiwa: mtawala, mganga, mhunzi, mwenye duka, mtumwa. Mwenye duka alikwisha mpata, Mhindi wa Bukoba, namba kumi na mbili. "Mtumwa nilitafuta sana, sikupata. Sasa nimepata," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyepata kifungo cha mwisho cha kanzu yake. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililozidi kumchoma Bi Mwaja. Mbaya angemtukana wakamalizana.

"Niuzie."

"Yenye namba haiuzwi."

"Ichane."

"Yenye namba haichanwi, Bibi," akadakia karani.

Namba, namba, namba! Bi Mwaja akakaa kitako juu ya sanduku bila kukaribishwa. Akaikodolea macho ile picha mezani kana kwamba ataitoboa, na katika kuikodolea akaona jambo ambalo jana hakuliona.

"Na huu ni mkeka gani?" akauliza.

Mdachi akainama.

"Huu niliokalia. Mweupe peee! Hauna ua, hauna mstari, hauna ukingo. Mimi ukindu nimeukata kwenye vinamasi vya mto Kagera, nimeupaka rangi mwenyewe, nimesuka miezi mitatu. Ng'ombe kapata pembe zake mpaka kwenye ncha. Mkeka wangu umekosa nini?"

Hakuwa anatega mtego. Ilikuwa hasira tupu, hasira ya fundi aliyeharibiwa kazi. Lakini Bwana Karatasi akawa mwekundu, kwa sababu hilo lilimgusa. Akakiri kwamba siku ile muda ulimwishia, na mapambo ya mkeka hakuyakumbuka. Akafikiri kidogo, macho yakamng'aa. "Chora wewe," akasema. "Mkeka wako, mkono wako. Vizuri sana. Huko watu watafurahi sana." Akamsogezea kalamu ya risasi.

Bi Mwaja akaitazama kalamu ile. Akafikiri habari ya pembe na habari ya neno.

"Risasi inafutika," akasema. "Nipe wino."

Akapewa. Kwenye mikeka ya ukoo wa Bi Mwaja ukingo haukosi maneno. Wanawake husuka herufi za Kiarabu katikati ya maua, dua au fumbo, ndefu na za pembe pembe kama ukindu unavyotaka, na asiyezijua hudhani ni mapambo. Kuzisoma herufi zenyewe alijifunzia mlangoni pa chuo, Tabora. Alikuwa akimbebea binti wa Sefu ubao wa chuoni kila asubuhi, kisha akasimama mlangoni kumngojea. Binti alitoka chuoni hajui kitu, na Mwaja alitoka mlangoni anajua kusoma na kuandika.

Akaanza kwenye kona. Akachora maua mawili. Neno la kwanza alilotaka kuandika lilikuwa mwungwana. Alilitaka kwa roho yake yote, akachovya kalamu, na mkono ukakataa. Neno lile ndilo alilojifichia miaka tisa, na siku mbili tu zimetosha kumvua. Akiliandika, naye atakuwa kama karani, anaweka uongo chini ya sura ya mtu. Akavuta pumzi, akaandika mengine. Aliandika polepole, akizunguka ukingo wote wa mkeka, akitia maua kila baada ya maneno machache, mpaka akarudi alikoanzia. Hata Kabyemera aliacha kutafuna.

"Zuri! Zuri!" akasema Mdachi. Kisha akasita, akamgeukia mkalimani wake. "Hatibu, hii maua tu, au maandishi?"

Karani akainama juu ya meza. Macho yakamzunguka. Bi Mwaja alikuwa amesimama karibu naye kabisa, akaliona jasho likimtoka chini ya tarbushi, na papo hapo akaikumbuka barua ya Asia. Watu wote walikuwa wanamngoja, yeye karani, mtoto wa Pangani, aliyewasomea namba moja mpaka ya mwisho. Angeweza kusema sijui.

"Ni maandishi, Bwana," akasema Hatibu. "Maneno ya Mungu. Ya baraka tu. Wanawake wa Kiislamu huyatia mikekani."

"Vizuri," akasema Mdachi, na akaandika hivyo kitabuni mwake, kwa wino.

Bi Mwaja akakunja hati yake, akaaga, akaondoka. Hakutabasamu. Alikuwa bado amekasirika sana.

Siku ya tatu masanduku yakapigiliwa misumari, wapagazi wakayajitwika, msafara ukashika njia ya Bukoba. Kabyemera aliusindikiza mpaka mwisho wa migomba, akamwimbia Bihogo wa pichani sifa zake. Kisha akarudi kupitia uani kwa Bi Mwaja kutafuta kahawa ya kutafuna. Akamkuta amekwisha vaa kaniki, anapanga kuni chini ya vyungu. Asia naye alikuwepo, anachambua majani. Tangu jana hakuna aliyethubutu kusema neno, na ukimya wao ulikuwa unamkera Bi Mwaja kuliko maneno.

"Ulizeni basi!" akafoka. "Mnanitazama kama mgonjwa. Ndiyo, nilikuwa mtumwa. Haya, ulizeni!"

Kabyemera akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Alichouliza si hicho. "Mimi nataka kujua uliandika nini. Yule kijana alisema maneno ya Mungu, lakini uso wako haukuwa uso wa mtu anayesali."

Bi Mwaja akaweka kuni chini, akayasema yote kwa moyo, kama alivyoyaandika.

"Niliandika: Mimi Mwaja binti Chausiku, mwenye duka Kaisho. Nilikuwa mtumwa, nikajinunua kwa kahawa hii mnayoiona. Sina bwana. Maneno ya chini kaandika mtu aliyeiuliza nguo yangu, hakuniuliza mimi."

Asia akasema, "Lakini Bi Mwaja, huko Ulaya nani atayasoma?"

"Si wanasema ni nyumba ya vitabu? Leo, kesho, hata baada ya miaka mia, atapita mmoja anayejua herufi. Haiwezekani nyumba ya vitabu ikakosa msomaji."

Kabyemera ni mfugaji, na mfugaji huuliza kizazi.

"Chausiku ndiye nani?"

"Mama yangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Miaka tisa hakuna mtu Kaisho aliyemuuliza swali hilo, kwa sababu hakuwahi kuwapa nafasi. Kuwa na mama mtumwa ni kuwa mtumwa, kwa hiyo mama alifichwa pamoja na hati. Bi Mwaja akafungua mdomo aseme kwamba Chausiku ndiye aliyemfundisha kusuka ukingo ule, kwamba alikuwa mfupi, mkali, akicheka anajipiga paja, na kwamba amezikwa Tabora mahali pasipo hata jiwe. Badala yake akainama haraka juu ya mafiga kama anayepuliza moto, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Moshi huo," akasema Kabyemera kumwambia Asia, kwa adabu, akageuza uso akatazama migomba.

Na moto ulikuwa bado haujawashwa.